Fomu iende bila jina: shajara ya kusafisha saini za barua pepe kabla ya msimu wa korosho

Jumatatu, mwanzoni mwa Septemba, Mtwara

Kazi imeanza rasmi leo. Meneja amekubali niweke pembeni kila kitu isipokuwa dharura, mpaka fomu zetu za barua pepe zikae sawa. Oktoba korosho zinaanza kuingia ghalani, na zikishaanza hakuna mtu atakayepata nafasi ya kunisikiliza nikizungumzia saini, yaani jina, cheo na simu vinavyokaa chini ya barua.

Naandika hali ilivyo ili atakayeshika kazi hii baadaye asianze kupapasa. Kampuni yetu inaendesha maghala Mtwara, Masasi, Nachingwea na Lindi. Kwa korosho, mfumo wa stakabadhi ghalani ulianzia huku kwetu msimu wa 2007/2008. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, chama kinauleta kwetu, unapimwa, unapangwa daraja, unapokelewa, unauzwa mnadani, kisha mnunuzi aliyelipa anakuja na kibali kuuchukua. Kila hatua ina barua pepe yake, na barua hizo zinaandikwa kwa fomu tatu za pamoja: Kupokea Mzigo, Kutoa Mzigo, na Taarifa ya Unyaufu (kilo zinazopungua kwa kukauka). Karani anafungua fomu, maneno ya msingi yameshaandikwa, anajaza namba ya stakabadhi, idadi ya magunia, kilo na daraja, anatuma.

Fomu zilitengenezwa kwenye Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, na dada aliyekuwa TEHAMA hapa kabla yangu, akazichapisha kwenye maktaba ya fomu ya kampuni ili kila ghala lizipate. Ni kazi nzuri. Kabla yake kila karani alikuwa na barua yake, na daraja la pili lingeweza kuandikwa kwa namna yoyote mtu aliyojisikia siku hiyo.

Tatizo liko chini ya barua. Mle ndani kuna jina lake, cheo chake na namba yake ya simu, na yeye alishahamia Dodoma. Kila anayetuma taarifa kwa fomu hizi anamtuma na yeye pia. Msimu uliopita katibu wa chama kimoja upande wa Newala aliona kilo zimepungua kwenye taarifa ya kupokea. Akapiga namba aliyoiona chini ya barua, akapokelewa na mtu aliye Dodoma asiyejua lolote kuhusu mzigo ule. Mpaka anafikishiwa meneja wa ghala husika, lori lilishapakia. Hilo ndilo linaloniuma kwenye jambo hili. Jina lililo chini ya barua ya ghala ndilo mkulima analoshika anapotaka kuuliza kilo zake.

Jumanne

Nimeomba kila ghala linitumie barua moja ya majaribio kwa fomu ya Kupokea Mzigo. Matokeo hayafanani, na kutofautiana kwenyewe kumenisaidia.

Kutoka Masasi barua imekuja na saini mbili: ya meneja wa ghala, na ya dada wa Dodoma. Lindi vilevile. Kutoka Nachingwea imekuja na moja tu, na ndiyo ile ya zamani. Hapa Mtwara, kompyuta ya uhasibu imetoa mbili, ile ya kwenye mizani imetoa moja.

Nikapiga simu Nachingwea. Karani akaniambia hajawahi kuweka saini yoyote kwenye programu, alidhani jina lile ni la ofisi na linatakiwa kubaki. Nimemwelewa. Barua imekuja na jina lililopangwa vizuri, kwa herufi nzuri, kwenye fomu ya kampuni. Kwa nini aliguse? Masasi nako mzee anayesimamia ghala alikuwa akifuta saini ya pili kwa mkono kila barua, msimu mzima, na akisahau ndipo inapokwenda mbili.

Kwa hiyo jina la zamani limo ndani ya fomu yenyewe. Saini ya mtumaji inaongezwa na Outlook juu ya hilo, kwa wale tu walioiwekea programu saini ya kujiweka yenyewe.

Jumatano

Leo nimelizalisha tatizo kwa makusudi kwenye akaunti ya majaribio, kulithibitisha.

Outlook ikiwekewa saini ya moja kwa moja, inaichomeka mara tu dirisha la ujumbe mpya linapofunguka, kabla mtu hajaandika herufi. Mtengenezaji wa fomu naye anaanzia hapohapo: anafungua ujumbe mpya, anaingia kwenye hali ya usanifu, anapanga kurasa na visanduku vyake, anachapisha. Saini imeshaingia tangu sekunde ya kwanza. Ikichapishwa pamoja na fomu inakuwa sehemu ya mwili wa ujumbe, sawa na sentensi nyingine yoyote. Mtu mwingine akifungua fomu ile anaanza na maandishi hayo, kisha programu yake inamwongezea ya kwake.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo lilikuwa linawachanganya wenzangu. Mtu akichagua saini nyingine kutoka kwenye menyu, kwa kawaida ile ya kwanza inaondoka na mpya inakaa mahali pake. Hilo linawezekana kwa sababu Outlook huizungushia saini alama isiyoonekana, inayoitwa _MailAutoSig, na kwa alama hiyo inajua ianze kufuta wapi na iishie wapi. Ile iliyo kwenye fomu zetu imeshageuka maandishi ya kawaida, haina alama, kwa hiyo ukibadilisha saini mara mia bado inabaki. Mzee wa Masasi aliwahi kuniambia kwamba jina lile "limeota mizizi". Kumbe alikuwa amelieleza vizuri kuliko nilivyodhani.

Nimejaribu pia upande wa pili: nimezima saini kabisa kwenye akaunti ya majaribio, kwa ujumbe mpya na kwa majibu, nikatengeneza fomu ndogo na kuichapisha kwenye maktaba yangu binafsi. Mwili wa ujumbe ulikuwa mweupe. Nikawasha saini, nikaifungua fomu ileile kama mtumiaji: saini moja, ya aliyefungua. Hivyo ndivyo tunavyotaka.

Alhamisi

Siku nzima imeishia kwenye uamuzi mmoja: saini itoke wapi? Kusafisha fomu ni nusu ya kazi. Tukiifanya nyeupe na karani wa Nachingwea bado hana saini, barua zake zitakwenda bila jina kabisa, na hilo ni baya kuliko jina la mtu wa Dodoma, maana huyo angalau anapokea simu na kuelekeza.

Njia ya kwanza niliyoifikiria ni skripti (amri ndogo za programu) ndani ya fomu, isome jina la aliyefungua na kuliandika chini. Nimeiacha mapema. Tangu masasisho ya usalama ya Septemba 2017, Outlook haiendeshi skripti za fomu maalumu mpaka iruhusiwe kwenye rejista (mipangilio ya ndani ya Windows) ya kila kompyuta, na Microsoft ilishatangaza mwaka 2023 kwamba VBScript, lugha inayotumika kuziandika, itaondolewa kwenye Windows. Sioni haki ya kumjengea mtu wa kesho nyumba juu ya msingi unaobomolewa.

Njia ya pili ni kanuni kwenye seva, kompyuta kuu inayopitisha barua zetu. Barua ikitoka, seva inachukua jina, cheo na simu ya mtumaji kutoka kwenye orodha ya watumishi na kuvibandika mwishoni. Njia hii ina mvuto mkubwa, kwa sababu hakuna haja ya kugusa kompyuta hata moja. Nimeijaribu na nimeona mambo mawili ambayo hayatufai. Mtumaji haoni saini wakati anaandika. Karani anatuma barua inayoonekana haina jina, anapata wasiwasi, anaandika jina lake kwa mkono, na tumerudi kwenye mawili. La pili ni kwamba seva inabandika mwisho kabisa wa ujumbe. Mnunuzi akijibu na sisi tukimjibu, saini ya jibu letu inakwenda kukaa chini ya mazungumzo yote ya nyuma, mbali na maneno ya aliyeyaandika. Barua za Kutoa Mzigo huwa na majibizano marefu, na majina yanarundikana mkiani bila mtu kujua nani alisema lipi. Unaweza kuweka sharti kwamba barua ikiwa na maneno fulani isibandikwe tena, lakini hapo majibu yanakosa saini.

Njia ya tatu, na ndiyo niliyoichagua, ni ya kizamani: kila mtumishi awe na saini yake kwenye programu yake, ila isitengenezwe na yeye. Mimi naandaa orodha moja ya majina, vyeo, maghala na namba za simu. Kutoka kwenye orodha hiyo natoa faili za saini na kuziweka kwenye folda ya Signatures ndani ya wasifu wa kila mtumishi, pale Outlook inapozitafuta. Kila saini ni faili tatu zenye jina moja: ya HTML (muundo wa kurasa za wavuti), ya RTF (muundo wa Microsoft wa maandishi yenye mapambo) na ya maandishi matupu, kwa sababu programu inachagua kulingana na muundo wa ujumbe. Ukiandaa moja tu, siku mtu atakapojibu barua ya maandishi matupu saini itakuja tupu.

Jioni nimempigia simu mzee wa Masasi kumweleza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Enhe, mmemwondoa yule dada?"

Nikamweleza kwamba fomu itakwenda bila jina la mtu yeyote, na jina litaletwa na atakayekaa kwenye kiti.

"Na kwenye mizani je? Pale wanakaa watatu kwa zamu na mashine ni moja."

Nimeliandika swali lake kwa herufi kubwa. Sikuwa na jibu leo.

Ijumaa

Nimefungua akaunti mpya ya barua pepe ambayo kazi yake ni moja tu, kutengeneza na kuchapisha fomu. Haina saini, haitaandikiwa saini, haitumiki kutuma barua za kazi. Neno la siri limekaa kwenye bahasha kwa meneja. Kwa utaratibu huu, hata atakayekuja akiwa hajasoma shajara hii hataweza kuingiza jina lake kwenye fomu kwa bahati mbaya.

Nimezifungua fomu za Kupokea na Kutoa kwenye hali ya usanifu kwa akaunti hiyo. Nimefuta saini, nikafuta na mistari mitupu iliyokuwa chini yake, maana iliacha pengo kubwa kati ya maneno na jina.

Mengine niliyoyakuta mle ndani yalihitaji kuguswa pia. Fomu zilikuwa katika muundo wa RTF. Ndani ya kampuni hilo halina shida, ila makatibu wa vyama wanatumia Gmail kwenye simu, na kwao barua ya namna hiyo inaweza kufika na kiambatisho kinachoitwa winmail.dat kisichofunguka. Nimebadilisha kuwa HTML. Palikuwa pia na alama ya tiki kwenye chaguo la kutuma maelezo ya fomu pamoja na kila ujumbe. Nimeiondoa: maelezo yakisafiri na barua, ujumbe unajitenga na fomu iliyo maktaba, na kila sasisho nitakalochapisha halitagusa zile zilizokwishatoka.

La tatu ni la msingi zaidi. Namba ya stakabadhi na kilo vilikuwa kwenye visanduku vya ukurasa wa fomu. Aliye ndani ya kampuni anaviona kwa sababu ana fomu. Katibu wa chama cha msingi (AMCOS) havimfikii, anaona mwili wa ujumbe tu. Dada yule alilijua hilo, kwa hiyo alimtaka karani aandike taarifa mara mbili, kwenye visanduku na kwenye maneno. Nimeuacha utaratibu huo kwa sasa. Visanduku vinatusaidia kupanga kikasha kwa namba ya stakabadhi, na maneno yanamfikia mkulima. Ila imenithibitishia kwamba jina la mtoaji haliwezi kukaa kwenye kisanduku. Lazima liwe mwilini.

Nimeongeza mstari mmoja juu ya barua, kabla ya kitu kingine chochote: "Karani wa zamu:" na nafasi. Kwa kompyuta zenye mtu mmoja ni urudufu kidogo. Kwa mizani ni nusu ya jibu la swali la mzee.

Nimechapisha kwa majina yaleyale, toleo jipya.

Jumatatu

Barua ya kwanza asubuhi kutoka Lindi imekuja na jina la Dodoma.

Nilitegemea kitu cha namna hii, ila si haraka hivyo. Outlook haichukui fomu kutoka maktaba ya kampuni kila inapoihitaji. Inaweka nakala kwenye kompyuta, kwenye kashe ya fomu, na kila mara inaanza kutafuta huko. Isipoikuta inatazama folda iliyo wazi, kisha maktaba binafsi ya mtumiaji, na maktaba ya kampuni inakuwa ya mwisho. Toleo likibadilika kashe inatakiwa kujisasisha, lakini kwenye kompyuta ya Lindi haikufanya hivyo. Nimemwongoza karani kwa simu: chaguo za programu, sehemu ya mambo ya juu, fomu maalumu, simamia fomu, futa kashe. Akafunga programu, akafungua. Safi.

Nachingwea kashe haikusaidia. Tulipotazama maktaba binafsi ya yule karani tukakuta nakala ya fomu. Kuna aliyemwekea zamani ili afanye kazi hata mtandao ukiwa mbovu. Nakala binafsi inaishinda ya kampuni siku zote, kwa sababu inatangulia kwenye foleni ya utafutaji. Imefutwa.

Nimeuliza ghala zote kama kuna nakala nyingine. Zimejitokeza: faili za kiolezo zenye kiishio cha .oft, moja kwenye eneokazi la uhasibu Mtwara, nyingine kwenye flashi Masasi. Hizo nazo zina saini iliyoganda ndani, kila moja ya mtu aliyeihifadhi. Nimeomba zifutwe na nimeeleza sababu, kwa sababu mtu akiambiwa tu "futa" anaihifadhi mahali pengine. Wote wamekubali isipokuwa mhasibu, ambaye kiolezo chake kina jedwali la malipo asilotaka kulipoteza. Ana haki. Tumelihamisha jedwali kwenye faili ya kawaida, kiolezo kikaondoka.

Jumatano, Masasi

Nimekuja mwenyewe kwa sababu ya mizani. Basi la alfajiri, kupitia Mnazi Mmoja na Ndanda. Ghala bado tupu, limefagiliwa, lina harufu ya mbaazi iliyopita.

Kompyuta ya mizani inawashwa kwa akaunti moja, "mizani", na makarani wanapokezana. Barua zinatoka kwenye kikasha cha pamoja cha ghala. Hapa saini ya moja kwa moja haina namna ya kujua nani amekaa kwenye kiti, na tukiilazimisha tutakuwa tumerudia kosa lilelile kwa jina jipya: barua ya zamu ya usiku ikibeba jina la karani wa asubuhi.

Kikasha cha pamoja nacho kina tabia yake. Outlook inaifunga saini na akaunti, na kikasha kinachojitokeza chenyewe upande wa kushoto kwa sababu mtu amepewa ruhusa hakihesabiwi kuwa akaunti. Hata ukibadilisha anwani ya mtumaji kuwa ya ghala, saini inabaki ya akaunti uliyoingilia. Ndiyo maana meneja wa Masasi akituma kwa anwani ya ghala saini yake binafsi inatokea. Tumezungumza na mzee kama hiyo ni kasoro. Yeye anasema ni sawa kabisa: anwani ni ya ghala, lakini aliyetoa neno ni mtu, na mtu awe na jina. Nakubaliana naye na nimeiandika kuwa kanuni yetu.

Kwa mizani tumefanya hivi. Saini ya moja kwa moja imezimwa. Kwenye menyu ya saini zimewekwa za makarani wote wa zamu, kila moja kwa jina. Karani akifungua fomu anaandika jina lake kwenye "Karani wa zamu", anajaza, na kabla ya kutuma anachagua saini yake. Akichagua ya mwenzake kimakosa anachagua tena, ya kwanza inaondoka yenyewe, kwa kuwa sasa ile alama ya siri ipo mahali pake.

Kuna kilichonisumbua: karani akisahau je? Ndani ya fomu kuna kisanduku kilichokuwa hakitumiki. Nimekigeuza kuwa orodha ya majina ya zamu na kukiwekea sharti kwamba lazima kijazwe, bila hivyo barua haitoki. Sharti la namna hii halihitaji skripti, limo kwenye sifa za kisanduku. Halimhakikishii mkulima kuona jina, kwa sababu kisanduku hakifiki kwake, lakini linamsimamisha karani na kumkumbusha, na sisi kwenye kikasha tunaona nani alikuwa zamu. Dada mmoja wa zamu ya asubuhi amejaribu kutuma bila kujaza, akazuiwa, akasema, "Kaka, hii ndiyo nzuri, maana lawama za usiku zilikuwa zinakuja kwangu." Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Ijumaa, Mtwara

Muundo wa saini. Meneja alitaka nembo ya kampuni iwemo. Nimemwonyesha barua mbili kwenye simu ya kawaida, si simu yake. Yenye nembo ilichelewa kufunguka na nembo ikatokea kama kiambatisho kando ya hati ya kilo. Katibu wa chama Tandahimba anafungua barua hizi kwa bando lake mwenyewe. Akiona viambatisho viwili atapakua vyote, na kimoja ni picha ya nembo. Tena barua ikijibiwa na kujibiwa nembo inajirudia mle ndani. Meneja amekubali iondoke.

Saini yetu sasa ni mistari minne ya maandishi: jina, cheo, ghala, simu. Simu ni ya ghala, isipokuwa kwa mameneja ambao wameomba zao ziwepo. Karani akihama namba inabaki na ghala lake, na mkulima anayepiga anapokelewa na mtu aliye karibu na mzigo wake.

Nimekuta pia kwamba kompyuta mpya za Lindi hazikuzisoma faili zangu. Matoleo ya karibuni ya Outlook yanahifadhi saini kwenye kikasha cha mtumiaji mtandaoni, ili zimfuate kila kompyuta, na zile za folda zinabaki pembeni. Kwa mtu mwenye kompyuta mbili ni huduma nzuri. Kwetu, tunaotaka orodha iwe moja, nimeizima kwa thamani ya rejista inayoitwa DisableRoamingSignatures na faili zikasomeka.

Hizohizo za Lindi zilikuwa na kitufe cha kuhamia Outlook mpya, na mmoja alishakibonyeza. Fomu maalumu hazifanyi kazi huko. Nimemrudisha kwenye ile ya zamani na nimewaandikia wote wasihame. Microsoft imesema Outlook ya zamani itaendelea kuhudumiwa angalau mpaka 2029, kwa hiyo misimu tuliyo nayo mbele yetu inatosha kutafuta njia nyingine bila pupa. Nimeshamwambia meneja iingizwe kwenye mipango. Mawazo yangu yanaelekea ukurasa wa kujazia taarifa utakaozalisha barua wenyewe, lakini hiyo ni shajara nyingine.

Jumatatu, wiki ya mwisho ya Septemba

Jaribio la mwisho. Kila ghala limetuma Kupokea na Kutoa kwa anwani ya ndani, kwa Gmail, na kama jibu kwa barua ya zamani. Nimezisoma zote. Saini moja kila barua, ya aliyetuma. Kwenye majibu ya barua za msimu uliopita jina la Dodoma bado linaonekana chini kwenye mazungumzo ya nyuma, na hapo lazima libaki, ndiyo kumbukumbu ya kilichoandikwa siku ile.

Katibu wa Newala aliyepata tabu mwaka jana ametumiwa barua ya majaribio na karani wa Masasi, nami nikamwomba aseme anaona nini. Amepiga simu Masasi moja kwa moja, kwa namba aliyoikuta chini, na aliyepokea ni karani aliyetuma.

Nimempigia na dada wa Dodoma, kumwambia simu za magunia zitakoma. Amecheka, ameshukuru, kisha akanikumbusha kitu ambacho hakipo kwenye maandishi yoyote: fomu ya Unyaufu ina ukurasa wa kusoma tofauti na ule wa kuandikia, na kwenye ule wa kusoma aliandika anwani ya ofisi kama lebo, kwa mkono. Nimeangalia, ni kweli. Kufuta saini mwilini kusingeigusa lebo hiyo hata kidogo.

Fomu hiyo ndiyo iliyobaki. Sijaichapisha kwa sababu maneno yake kuhusu kilo zinazopungua kwa kukauka yanapitiwa na mhasibu na msimamizi wa ubora, na si vyema kutoa toleo leo na jingine wiki ijayo wakati kashe za watu ndiyo kwanza zimetulia. Wakinipa maneno kabla ya mzigo wa kwanza, itatoka kwa akaunti ya usanifu, lebo ikiwa imeondolewa, na nitawapigia Lindi na Nachingwea wafute kashe asubuhi hiyohiyo. Wasiponipa, Unyaufu utaandikwa kwa barua ya kawaida kwa muda, na makarani wote wameshaambiwa wasiifungue fomu ya zamani.